Uzoefu wangu na Network UPS Tools katika ofisi yetu ya Mbeya

Ninasimamia mifumo ya kompyuta katika kampuni inayonunua kahawa na parachichi kutoka kwa wakulima, yenye ofisi kuu hapa Mbeya mjini na vituo viwili vya kupokelea mazao, kimoja Tukuyu na kingine Vwawa. Kwa miezi kumi na minane sasa nimekuwa nikitumia Network UPS Tools, ambayo kwa kifupi huitwa NUT. Ni programu huria, haiuzwi, na kazi yake ni kuiwezesha UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda mfupi ule wa ukutani unapokatika, kuzungumza na kompyuta inazozilinda. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wenye dhamana kama yangu, hasa walio katika miji ambayo diski ya seva ikiharibika leo, nyingine inaletwa na basi kutoka Dar es Salaam.

Nilianza kuitafuta programu ya namna hii baada ya usiku mmoja wa Februari. Mvua za huku kwetu huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na usiku huo radi ilipiga mfululizo upande wa Loleza hadi umeme ukakatika, ukarudi, kisha ukakatika moja kwa moja. UPS ya seva ilifanya yote iliyoweza: ililia, ikabeba mzigo kwa dakika kumi na moja, kisha betri zikaisha na seva ikazimika ghafla huku kanzidata ikiwa katikati ya kuandika. Hakukuwa na mtu ofisini isipokuwa mlinzi, na mlinzi hawezi kujua kwamba mlio ule maana yake ni kwamba seva ina dakika chache tu za kuzimwa kwa utaratibu.

Asubuhi mhasibu wetu alinipokea mlangoni. "Kaka, pole na safari, lakini stakabadhi za jana za Tukuyu hazionekani." Tulitumia siku mbili kuziingiza upya kutoka kwenye vitabu vya karatasi, wakati wakulima waliokuja kuchukua malipo yao wakisubiri kwenye mabenchi ya nje. Namkumbuka mzee mmoja aliyeketi pale tangu asubuhi akiwa ameikunja stakabadhi yake mara nne na kuishika mkononi kana kwamba ingepeperuka. Nilipomweleza kwamba hesabu yake imepatikana alijibu "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuniombea heri. Mimi ndiye niliyepaswa kumwomba radhi, na nilimwomba.

Kabla ya hapo niliamini kwamba kununua UPS ni kumaliza kazi. Sivyo. UPS hununua muda tu, na muda huo hauna faida kama hakuna anayeiambia seva kwamba unakwisha. Kinachofanywa na NUT ni hicho. Kompyuta moja, ambayo kwetu ni laptopu ya zamani yenye Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, imeunganishwa na UPS kwa waya wa USB na kuisoma kila baada ya sekunde chache: volti zinazoingia, hali ya betri, ukubwa wa mzigo. Kompyuta nyingine zote zinaiuliza hiyo moja kupitia mtandao wa ndani, kwenye mlango wa mawasiliano (port) namba 3493. Betri ikikaribia kuisha, kompyuta kuu huzitangazia nyingine zijizime, husubiri zimalize, hujizima yenyewe mwisho, kisha huiagiza UPS ikate umeme. Agizo hilo la mwisho ni la lazima, kwa sababu seva iliyozimwa kwa utaratibu haina namna ya kujua kwamba umeme umerudi isipokuwa umeme wake wenyewe ukatwe kwanza, ndipo uanze upya. Kumbuka pia kuingia kwenye mipangilio ya msingi ya seva na kuiagiza iwake yenyewe kila inapopata umeme, la sivyo utaamshwa na simu alfajiri.

Ufungaji ulinichukua siku tatu, na sitasema ulikuwa rahisi. Mipangilio yote huandikwa kwa mkono katika mafaili ya maandishi, na maelezo yaliyo kamili ni ya Kiingereza. Kilichonipotezea muda zaidi ni maelekezo ya zamani yaliyotapakaa mtandaoni, kwa sababu toleo la 2.8.0, lililotoka mwaka 2022, lilibadilisha maneno yanayotumika kuitaja kompyuta kuu na zile zinazoifuata, na msomaji anayenakili kutoka kwenye makala mbili za nyakati tofauti anajikuta na faili lenye lugha mbili. Aidha, kwa kawaida programu husikiliza ndani ya kompyuta yake tu hadi uiruhusu kusikiliza mtandao, na nywila zake hukaa katika faili bila kufichwa, kwa hiyo hakikisha faili hilo linasomwa na wanaohusika peke yao.

Shida ya pili ilitoka kwenye UPS yenyewe. Tulizonazo ni za bei ya kati, zile zinazorekebisha volti kidogo kabla ya kukimbilia betri, na aina hii mara nyingi haisemi betri imebakiza asilimia ngapi. Husema volti za betri tu, na NUT hulazimika kukisia asilimia kutokana na viwango vya juu na vya chini utakavyoipa. Kibaya zaidi, betri za risasi zikichoka huonekana nzima karibu hadi mwisho, kisha volti huporomoka kwa mkupuo. Tulipofanya jaribio la kwanza, Jumamosi mchana, nilichomoa plagi ya UPS ukutani na kusimama mbele ya skrini nikiwa na saa mkononi. Onyo la betri kuisha lilitokea zikiwa zimebaki sekunde arobaini hivi. Kanzidata yetu huhitaji karibu dakika mbili kujifunga vizuri. Laiti ningeamini usanidi wa kawaida bila kujaribu, usiku wa Februari ungejirudia.

Suluhisho limo ndani ya programu hiyo hiyo. Kuna sehemu yake inayoweza kupima muda, nami niliiagiza isisubiri onyo la betri: umeme ukikosekana kwa dakika nne mfululizo, utaratibu wa kuzima unaanza, hata kama betri inadai imejaa. Niliongeza pia muda ambao kompyuta kuu huzisubiri nyingine, kutoka sekunde 15 za kawaida hadi 150. Jaribio la pili lilikwenda sawasawa. Kanzidata ilifunga, seva ya mafaili ikafuata, swichi ya mtandao ikabaki peke yake ikipepesa taa zake za kijani, na mwisho UPS ikanyamaza. Niliporudisha plagi, vyote viliwaka vyenyewe. Yeyote atakayefunga programu hii asiiache kabla hajachomoa plagi kwa mkono wake angalau mara mbili.

Lakini faida niliyoipata ambayo sikuitarajia ilikuja Juni. NUT ina kijiprogramu kinachoandika daftari la hali ya umeme, na mimi nilikiwasha bila matumaini makubwa, kila sekunde 10 mstari mmoja. Wakati huo nilikuwa na kero ya siku nyingi: betri za UPS iliyo karibu na chumba cha uhasibu zilikuwa zinakufa ndani ya mwaka mmoja na miezi, ilhali betri za namna hiyo hutarajiwa kudumu miaka mitatu hadi mitano, tena katika mji wa baridi kama Mbeya ambako joto haliziharibu kama linavyoweza kuziharibu ofisini Kyela. Kila mara nililaumu umeme wa gridi. Niliandika hivyo hata katika taarifa yangu kwa mkurugenzi.

Nilipofungua daftari la wiki ya pili ya Juni niliona jambo moja likijirudia. Volti zilikaa 226, 224, 225 tangu usiku. Ilipofika saa mbili na nusu asubuhi zikashuka hadi 197, kisha 183, UPS ikahamia betri, ikarudi, ikahamia tena. Mchana palikuwa na utulivu. Saa kumi alasiri mchezo ukaanza upya. Jumamosi na Jumapili hakukuwa na kitu. Gridi haijui siku za kazi.

Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali hapa, na wenzangu wana hita chini ya meza. Jikoni kuna birika la umeme. Nilikaa mbele ya skrini na kumwomba mhasibu awashe kimoja kimoja.

"Dada, washa hita ya kwanza."

"Nimewasha."

Volti 221 zikawa 206.

"Ya pili?"

"Tayari, kaka. Na birika nalo niwashe?"

"Washa na birika."

Zikawa 184, na sote wawili tukasikia ndani ya UPS ule mlio wa tak, kisha tak-tak, ambao tulikuwa tumeuzoea kiasi cha kutousikia. Kila mlio ni UPS kujitahidi kupandisha volti, na pale inaposhindwa ni betri kuingia kazini kwa sekunde chache. Mara thelathini au arobaini kwa siku. Betri hazikuwa mbovu, zilikuwa zinafanyishwa kazi ya hita.

Hata hivyo, hita mbili na birika havitakiwi kushusha volti kiasi hicho katika jengo lililofungwa nyaya vizuri, kwa hiyo nilimwita fundi umeme. Alipofungua bodi ya usambazaji alininyooshea bisibisi bila kusema neno. Waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, wa laini ile, iliyobeba uhasibu, jiko na kabati letu la mtandao kwa pamoja, ulikuwa umelegea kwenye skurubu yake, na plastiki iliyouzunguka ilikuwa imegeuka kahawia na kuvimba kama ngozi iliyoungua. Muungano uliolegea hupinga umeme, upinzani huzaa joto, na joto hulegeza zaidi. Nilisimama pale nikifikiria karatasi zote zilizo katika chumba kile. Fundi alikata sehemu iliyoungua, akaifunga upya, kisha akavuta laini ya peke yake kwa ajili ya kabati la mtandao. Tangu siku hiyo daftari halijaandika chini ya volti 212 wakati wa kazi isipokuwa gridi yenyewe inapoyumba, na nilimwandikia mkurugenzi taarifa nyingine kusahihisha ile ya kwanza.

Daftari lilinionyesha pia kosa dogo la kwetu: printa ya leza ilikuwa imechomekwa kwenye UPS. Printa hiyo inapopasha moto karatasi huvuta umeme mwingi kwa ghafla, karibu wati elfu moja, na UPS iliyoandikwa VA 1500 (VA ni volti mara ampea) haimaanishi wati 1500. Nyingi za daraja hili hubeba wati 900 tu. Soma wati, wala usidanganywe na VA iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Printa ikahamishiwa ukutani.

Yapo mambo yaliyobaki kunikera. Mara kwa mara mawasiliano ya USB hukatika na NUT hutangaza kwamba taarifa ilizonazo zimepitwa na wakati. Kwetu ilipungua sana nilipobadilisha waya mrefu wa bei rahisi na kuweka mfupi ulio mnene, na nikaiagiza Debian iwashe upya huduma hiyo inapoanguka. Kwa kompyuta za Windows zipo programu za kupokea tangazo la kujizima, lakini usanidi wake ulinisumbua kuliko wa Linux, na mbili kati ya kompyuta zetu bado sijaziamini. Hakuna pia wa kumpigia simu unapokwama. Kuna jamii ya watumiaji inayojibu, tena kwa upole, ila utasubiri.

Baada ya kufunga mfumo huu tumepitia msimu mzima wa mvua. Nimehesabu katika daftari mara kumi na tisa ambapo umeme ulikosekana zaidi ya dakika nne, nyingi usiku, na mara zote kumi na tisa kanzidata ilifunga yenyewe na kufunguka bila hitilafu. Mhasibu hajaingiza tena stakabadhi mara mbili. Kwa ofisi ndogo yenye seva moja hadi tano na mtu mmoja asiyeogopa kuandika mipangilio kwa mkono, naipendekeza bila kusita. Kwa ofisi isiyo na mtu huyo, afadhali kununua UPS yenye kadi yake ya mtandao na kulipia huduma.

Tahadhari moja kabla hujanunua UPS yoyote: tovuti ya NUT ina orodha ya vifaa inavyovifahamu, na kuitazama ni kazi ya dakika tano. Mimi sikuitazama kwa kituo cha Vwawa. UPS ya kule ina tundu la USB ambalo halitoi taarifa yoyote, ni la kuchajia simu tu, na niligundua hivyo baada ya kusafiri na laptopu na waya mbili. Kwa sasa kijana wa mizani huzima kompyuta kwa mkono akisikia mlio, na akiwa nje akipokea magunia hausikii. UPS nyingine nimeshaiagiza, safari hii kutoka kwenye orodha. Ikifika nitapanda gari la Tunduma, nishuke Vwawa, niifunge mwenyewe na kuchomoa plagi mara mbili kabla Novemba haijaingia.