Studebaker Avanti, kali ila ilichelewa
Hii gari mi naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata sababu ya bodi tu. Studebaker walianza 1852 huko South Bend, Indiana, wakiunda magari ya kukokotwa na farasi, 1902 wakaingia kwenye gari za umeme (ndio, za umeme, watu wanadhani ni mambo ya juzi) halafu 1904 za petroli. Kufika miaka ya 60 hela imekata, ndo wakamwita Raymond Loewy na timu yake wachore kitu cha kuokoa jahazi, ikatoka Avanti 1962. Mbele haina grili, hewa inaingia chini ya bampa, breki za mbele ni za diski wakati huo gari nyingi za Marekani bado zilikuwa na dramu, injini V8 na ukitaka unachukua yenye supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa ili iwe na nguvu zaidi). Shida bodi ya faibaglasi, vipande vilikuwa havikai sawa, gari zikachelewa kutoka kiwandani na wateja wakachoka kusubiri. Desemba 1963 kiwanda cha South Bend wakafunga, cha Kanada kikajikongoja mpaka 1966, basi.

Studebaker za kabla ya Avanti? Champion ya 1950 yenye pua kama risasi wengi wanaicheka, mi naikubali sana. Golden Hawk ya 1956 ina V8 nzito ya Packard (chapa nyingine ya magari), kwenye kona pua inalemea, hiyo ni ya barabara iliyonyooka tu. Ila kwa uzuri, ile gari ya milango miwili ya 1953, Starliner, aliyoichora Robert Bourke akiwa kwa Loewy, hata Avanti haifui dafu.