Kichwa cha mvuke cha reli nyembamba: ununue kipi ukiwa Mbeya au Iringa

Aliyezoea kutazama treni za TAZARA pale Mbeya au Makambako, akianza kutamani kichwa cha treni cha mfano, mara nyingi hutamani kile ambacho reli hiyo haikuanza nacho: mvuke. TAZARA ilianza kazi na dizeli za Kichina. Mvuke ulikuwa kwa majirani zake, yaani reli ya kati yenye upana (nafasi kati ya vyuma viwili vya reli) wa mm 1,000 na reli ya Zambia yenye mm 1,067, upana uleule wa TAZARA. Mifano ya vichwa hivyo hutaikuta kwenye maduka ya kawaida ya Ulaya wala Marekani. Utakachopata ni kichwa cha nchi nyingine chenye mota nzuri, halafu ukibadilishe. Kwa hiyo tumepanga orodha hii kwa kuangalia chesi kwanza, yaani fremu yenye magurudumu na mota. Sura utaitengeneza mwenyewe.

Kabla ya kutoa pesa, piga hesabu moja: upana wa reli ya mfano zidisha kwa skeli, yaani mara ambazo mfano ni mdogo kuliko treni halisi (1:64 ni mara 64). Reli ya mm 16.5 kwa skeli ya 1:64 inatoa mm 1,056, karibu kabisa na TAZARA na Zambia. Reli ya mm 9 kwa skeli hiyohiyo inatoa 576, inayokaribia mm 600 za reli ndogo za mashamba ya mkonge. Reli ya mm 12 kwa 1:87 ni 1,044, na ya mm 45 kwa 1:22.5 ni 1,012. Sisi tunaegemea 1:64 kwa sababu inakupa reli mbili kwa skeli moja, na pia ndiyo skeli ya magari madogo ya kuchezea yanayouzwa hata soko la Mwanjelwa, Mbeya. Tahadhari na malori ya aina hiyo: lori lenye urefu sawa na gari dogo limefinywa litoshe kwenye pakiti, na ukiliweka kando ya behewa litakuumbua.

Ya kwanza: kichwa cha HO kilichotumika, ukivishe mwili wa 1:64

HO ni skeli ya 1:87 kwenye reli ya mm 16.5, na ndiyo yenye vichwa vingi vilivyotumika duniani. Angalia gurudumu. Vichwa vingi vya mvuke vya 4-8-2 (magurudumu 4 madogo mbele, 8 ya kuvuta, 2 madogo nyuma) vya reli ya mm 1,067 kusini mwa Afrika vilikuwa na magurudumu ya kuvuta ya inchi 51, sawa na mm 1,295. Gawanya kwa 64, unapata mm 20.2. Sasa chukua kichwa cha Bachmann Spectrum cha HO aina ya 4-8-2 cha Kimarekani, USRA Light Mountain. Gurudumu la treni halisi ni inchi 69, na kwenye mfano linatoka mm 20.1. Yaani mpangilio wa magurudumu ndio huohuo na saizi ndiyo hiyohiyo, bila kubadilisha ekseli hata moja.

Muuzaji akuonyeshe video ya kichwa kikienda polepole, mbele na nyuma, si kikikimbia. Kikidunda mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, gia ya plastiki imepasuka kwenye ekseli, na hilo ni tatizo linalojulikana kwa vichwa vya zamani. Omba picha ya chini pia. Chuma cha kutupwa chenye nyufa kama utando wa buibui au kilichovimba kimeoza kwa ndani na hakitengenezeki. Kiache hata kikiwa bei ya bure. Kikishafika, gusisha betri ya volti 9 kwenye magurudumu ya pande mbili. Mota nzima huanza bila kusukumwa, na ikipimwa kwa mita ikiwa haina mzigo haizidi nusu ampia.

Kukibadilisha, vua mwili wa plastiki lakini usiguse silinda wala fimbo za magurudumu, maana hapo ndipo watu wengi huua mwendo. Boila ni bomba la plastiki la mm 25 la kupitishia nyaya za umeme, kwa kuwa mm 25 mara 64 ni mita 1.6, unene unaofaa boila ya treni kama hiyo. Kabla ya kukata pima chuma cha uzito kilicho juu ya chesi. Tundu la bomba hilo ni kama mm 21, kwa hiyo chuma kikizidi hapo kisage kwa tupa, kisha pasua bomba kwa chini ili gia na mota vipate nafasi. Kibanda cha dereva kiwe na upana wa karibu mm 45 na kitengenezwe kwa ubao mwepesi wa PVC wa mm 3; waandika mabango wana vipande vya kutupa. Unene huo utaonekana dirishani, basi kingo zake zipunguze kwa msasa kwa ndani hadi zifike mm 1.

Gundi ya kuunganishia modeli za plastiki haishiki PVC. Tumia Araldite (gundi ya epoksi ya kuchanganya), na sehemu zote zisuguliwe kwa msasa namba 400 kabla ya gundi na kabla ya rangi, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Uzito ulioupoteza urudishe kwa risasi za kubalansi matairi, zile za kubandika za gramu 5 na 10, ambazo fundi yeyote wa matairi kwenye barabara ya Tunduma anazo. Zibandike juu ya magurudumu ya kuvuta, katikati. Ukizisogeza nyuma, magurudumu madogo ya mbele yataruka reli kwenye kona.

Ya pili: chesi ndogo ya Kato ya mm 9

Chesi za magurudumu manne za Kato, kama 11-103 na 11-109, hazifiki pauni 50. Ni ndogo, husafiri kwenye bahasha na haziharibiki njiani. Kwa mtu anayeanza huku kwetu, pengine ingekuwa ya kwanza. Tumeishusha kwa sababu moja: haina fimbo za magurudumu, na kichwa cha mvuke bila fimbo kinaonekana uchi. Dawa yake ni kukijenga kama injini ya shamba la mkonge yenye sahani za pembeni zinazofunika magurudumu hadi karibu na reli. Mwili mzima hauzidi urefu wa kidole cha kati. Mota ni ndogo sana, basi usiipe zaidi ya volti 12 na usitarajie ipandishe mabehewa matano mlimani.

Ya tatu: OO9 iliyo tayari

Hizi ni za 1:76 kwenye reli ya mm 9. Baldwin 4-6-0 ya Bachmann ni mashine nzuri, inakwenda taratibu na fimbo zake zinaonekana vizuri. Kato na Peco wanazo injini ndogo za Ffestiniog, reli nyembamba ya Wales, na Minitrains wanazo za 1:87 ambazo hupita kona kali. Nunua hizi kama hutaki kukata kitu. Kuzibadilisha ziwe za Kiafrika si busara: bei ni kubwa, rangi ya kiwandani ni safi, na hesabu ya upana inatoa mm 684, ambayo si reli yoyote ya kwetu. Kona za Peco za OO9 zina nusu kipenyo cha mm 228, hivyo meza ya sentimita 60 kwa 120 inatosha.

Ya nne: On30 ya Bachmann

Ni skeli ya 1:48 kwenye reli ya mm 16.5. Vichwa ni vikubwa, rahisi kushika na kurekebisha, na vinafaa mtu ambaye macho yamechoka. Kasoro ni nafasi, kwa kuwa 2-6-0 inataka kona ya nusu kipenyo cha mm 457, na kila nyumba na mti utautengeneza mwenyewe. Ukikuta Shay (kichwa kinachoendeshwa kwa gia) iliyotumika, uliza habari za gia mara mbili.

HOm, yaani 1:87 kwenye reli ya mm 12, tunaipita haraka. Ni kazi ya ustadi mkubwa, hasa ya treni za Uswisi, lakini vichwa vya mvuke ni vichache na bei inatisha.

Ya mwisho: mvuke wa kweli

Roundhouse na Accucraft hutengeneza vichwa vinavyochemsha maji kwa gesi ya butani, kwenye reli ya mm 32 au 45. Kwa uzuri vingekuwa juu kabisa. Ila Roundhouse mpya ni zaidi ya pauni 1,000, makopo ya gesi hayasafirishwi kwa ndege wala posta, na asubuhi za Juni na Julai butani hulegea kwa baridi hadi moto unafifia. Kalisha tangi la gesi kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto. Maji ya boila yawe ya mvua yaliyochujwa, si ya bomba, kwa sababu chokaa huziba vijia vya mvuke.

Umeme, vumbi na ushuru

Seti za Marekani huja na adapta ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 ya TANESCO inaungua papo hapo. Itupe, tumia betri ya sola ya volti 12 na kidhibiti cha mwendo cha mota, nawe hutasumbuka umeme ukikatika. Vidhibiti vya bei rahisi hukatakata umeme kwa mapigo ya polepole. Mota za HO huvumilia, ila mota ndogo zisizo na chuma ndani hupata moto na kufa, kwa hiyo chesi za mm 9 zipe kidhibiti cha umeme laini.

Vumbi jekundu la kiangazi ndilo litakalosimamisha treni yako kuliko hitilafu yoyote. Futa reli kwa spiriti ya duka la dawa. Usitumie kitakasa mikono, kwani glisirini yake huacha utando usiopitisha umeme. Kwa meza, plaiwudi ya Mafinga ya mm 9 inatosha, lakini mbao za fremu ziwe zimekauka kabisa, maana paini mbichi hupinda na kuvuta reli nayo.

Ukiagiza nje, VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya bei, usafiri na ushuru wa forodha, si juu ya bei peke yake. Muuzaji aandike thamani halisi na aambatanishe risiti ndani na nje ya kifurushi. Kama kichwa kina betri ya lithiamu, aiondoe kabla ya kutuma.