Kadi za simu na vocha za kukwangua: uzoefu wangu, kutoka Houston hadi Mbagala

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo: kadi ya kupigia simu ya kulipia kabla bado ina kazi, ila kwa yule aliye nje ambaye mzazi wake yuko nyumbani Tanzania na anatumia kitochi. Wengine wote tafuteni intaneti mpige kwa WhatsApp, mtaokoa hela. Mama yangu anakaa Mbagala Rangi Tatu, simu yake ni ya vitufe, chaji inakaa siku kibao, na habari za simu janja hataki kuzisikia. Kwa hiyo kipindi chote nilichosoma Houston, Marekani, nilikuwa mteja wa zile kadi, na tangu nimerudi Dar nimehamia kwenye vocha za kukwangua.

Za Houston zinauzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya wageni, za dola 2, 5 au 10. Ile kadi huichomeki popote. Unakwangua nyuma unapata namba ya siri, unapiga namba ya kampuni iliyochapwa pale pale, sauti inakuomba namba ya siri, ukishaingiza ndipo unabonyeza namba ya Tanzania: 011, halafu 255, halafu namba ya mama bila sifuri ya mwanzo. Sifuri hiyo inasumbua wageni kweli kweli. Namba inayoanza na 07 huku kwetu, kule inakuwa 255 7. Ukiibakiza, simu haiendi, na baadhi ya kadi zinakuanzisha upya tangu namba ya siri.

Kwenye namba ya kampuni mara nyingi mnapewa mbili, ya bure inayoanza na 1-800 na ya mji mliopo. Ile ya bure siyo ya bure. Kampuni inailipia na inarudisha gharama kwako kwa kukupunguzia dakika. Kama simu yako ina dakika za ndani, tumia ya mji.

Sasa tufike kwenye dakika, maana hapa ndipo penye maneno. Bango dukani linasema dakika kadhaa kwenda Tanzania, kwa maandishi makubwa ya rangi. Maandishi madogo yako nyuma ya kadi, na huyasomi mpaka uwe umeshalipa. Tuseme una kadi ya dola 5 na bei ni senti 20 kwa dakika. Kwa hesabu ya kawaida hapo una dakika 25. Lakini kadi inatoza senti 75 kila simu inapopokelewa, na muda unahesabiwa kwa mafungu ya dakika tatu tatu. Umeongea na mama dakika nne: unahesabiwa sita, ambazo ni dola 1 na senti 20, jumlisha zile senti 75, yaani ada ya kuunganishwa, imekuwa dola 1 na senti 95. Kesho yake ukirudia simu kama hiyo, umebakiwa na dola 1 na senti 10. Na ukiilaza kadi, kuna ada ya matunzo inayokatwa kila wiki hata kama hujapiga. Umeongea dakika nane, kadi inakufa.

Siyo mimi peke yangu ninayelalamika. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilishazishtaki kampuni kadhaa za kadi kwa kutangaza dakika ambazo mnunuzi hazipati. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize kadi ina dakika ngapi. Uliza kama ina ada ya kuunganisha. Kadi isiyo nayo bango lake huwa na dakika chache, watu wanaipita, na ndiyo niliyokuwa naichukua kwa sababu mama yangu si mtu wa simu ndefu. Akishasikia kwamba nimekula na sijaumwa, anaanza kuaga. Kwa anayeongea saa nzima bila kukata, yenye ada inaweza kumfaa, maana anaikatwa mara moja tu.

Kuna jambo lingine nililielewa upande wa anayepigiwa. Nikitumia zile kadi za bei ya chini kupita kiasi, simu yangu ilitokea kwenye kioo cha mama kwa namba ya hapa hapa Tanzania. Mara ya kwanza alinipokea kwa ukali: “Umerudi lini, mbona hujafika nyumbani?” Nikakata, akajaribu kuipiga ile namba, haipatikani. Sauti nayo ilikuwa na mwangwi, kila nikisema “shikamoo mama” inanirudia mwenyewe kabla ya marahaba yake.

Sababu ni kwamba simu ya kutoka nje ina malipo yake ya kuingia nchini, na kuna wajanja wanaoyakwepa. Wanaileta simu kwa njia ya intaneti hadi kwenye kisanduku kilichojazwa laini za hapa, kisha kisanduku kinampigia mama kama vile mpigaji yuko Kariakoo. Ni kosa kisheria, na mtambo wa TTMS ambao TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliuanzisha mwaka 2013 kufuatilia mawasiliano ulikuja pamoja na mambo mengine kuwabaini hawa. Kwa mtumiaji dalili ni hiyo: namba ngeni ya nyumbani, mwangwi, na simu inayokatika katikati ya neno. Kadi ya namna hiyo sikuinunua tena, hata iwe rahisi vipi.

Vocha za Dar ni nyepesi kueleweka. Unaenda kibandani, unataja mtandao, unatoa jero au buku, unakwangua, unabonyeza *104* na namba uliyoikwangua, unamalizia na #. Salio unaliangalia kwa *102#. Hakuna ada ya kuunganishwa, hakuna matunzo ya wiki. Kwa hilo naipa vocha alama za juu kuliko kadi yoyote ya Marekani.

Ila ukiongea moja kwa moja kutoka kwenye salio, buku inayeyuka ukiiangalia. Ndani ya bei hiyo tayari kuna VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa, na kiwango cha dakika nje ya kifurushi kiko juu. Vocha iingie, kisha ujiunge kifurushi ndipo upige. Kwa kijana hilo ni jambo la sekunde chache. Kwa mama, menyu inafunguka na mistari yake sita saba, anaenda kutafuta miwani, akirudi imeshajifunga. Hadi leo sijaelewa kwa nini mitandao yetu haiwapi wazee muda zaidi kwenye zile menyu. Siku hizi anamwachia binti wa dukani amjiungie, naye anachagua dakika za mitandao yote za wiki, si zile za siku zinazokufa hajazigusa.

Mtu ataniuliza kwa nini nisimnunulie muda wa maongezi kwa simu yangu, naye apokee akiwa amekaa. Namnunulia, hasa mwisho wa mwezi. Lakini ukikosea tarakimu moja umemfurahisha mtu usiyemjua, na kuirudisha hiyo hela ni safari. Halafu vocha ya karatasi anaipenda. Anaziweka mbili tatu kwenye fundo la khanga, anatumia anapotaka, haombi mtu.

Tahadhari ya vocha ni moja tu, nayo ni ukwanguaji. Tumia ukucha au ubapa wa sarafu, taratibu, usitumie ncha ya kisu. Zile zilizokaa juani kibandani, wino wake unatoka pamoja na rangi ya fedha na unabaki na tarakimu pungufu. Ikitokea hivyo usiitupe. Kuna namba nyingine ya kadi iliyochapwa nje ya sehemu ya kukwangua. Piga 100, uwatajie hiyo pamoja na tarakimu zinazosomeka. Niliwahi kungoja kwenye foleni ya huduma kwa wateja mpaka sikio likapata moto, lakini vocha ya mama ya elfu tano iliingia.