Jeneza ambalo halijazikwa: uzoefu wangu wa Cihu, Taiwan

Ukiwa Taipei na una siku ya ziada, usiimalizie yote kwenye lile jumba kubwa la marumaru nyeupe la mjini, la kumbukumbu ya Chiang Kai-shek. Nenda Cihu, upande wa Daxi huko Taoyuan. Ndiko aliko Chiang mwenyewe, rais wa China aliyeshindwa vita na Wakomunisti wa Mao akahamia Taiwan, na mpaka leo hajazikwa.

Nyumba yenyewe haina makuu: vyumba vimezunguka ua, mbele ziwa dogo, nyuma vilima. Alipapenda kwa sababu palimkumbusha kwao, jimbo la Zhejiang huko China Bara. Alipofariki Aprili 5, 1975, akawekwa humo ndani ya jeneza la jiwe jeusi kwa muda tu, hadi China Bara itakapokombolewa arudishwe kwao. Unachungulia kutoka mlangoni: jeneza liko juu ya sakafu, na mbele yake msalaba wa maua, maana alikuwa Mkristo.

Nilikuwa nimesoma sana habari za vita ile ya wenyewe kwa wenyewe ya China, lakini hapo ndipo iliponiingia kwamba mzee huyu hakukubali kuwa yamekwisha. Desemba 10, 1949, alipopanda ndege Chengdu, China Bara, kwenda Taiwan pamoja na mwanawe Chiang Ching-kuo, kwake ilikuwa kurudi nyuma ili ajipange. Dhahabu ya benki kuu ilikuwa imeshatangulia kutoka Shanghai, na makasha 2,972 ya hazina za kasri la wafalme yalikuwa yameshavushwa bahari. Anayekimbia ovyo habebi mzigo wa namna hiyo. Hata Oktoba 25, 1971, Tanzania yetu ilipokuwa mstari wa mbele kuipatia Beijing kiti cha China Umoja wa Mataifa, kilichokuwa cha serikali yake, yeye alikuwa angali hai, angali anasubiri.

Karibu na hapo kuna bustani ya sanamu, na hii ndiyo iliyonishika zaidi. Karibu zote ni zake, zimeng'olewa mashuleni, kambini na viwanjani kote kisiwani. Huku amesimama, kule ameketi, pale yuko juu ya farasi. Moja ilitoka Kaohsiung, ilikatwa vipande mwaka 2007. Msanii akaiunga upya na kuyaacha mapengo yaonekane. Kuna wazazi waliouawa na askari wake katika mauaji ya Wataiwan walioipinga serikali yake, yaliyoanza Februari 28, 1947, na watoto wao wakakua wakiipita sura hii kila asubuhi wakienda darasani. Sheria ya kijeshi iliyotangazwa Mei 1949 iliondolewa Julai 1987. Fikiria umri huo wote wa kufunga mdomo.

Kiongozi wa watalii niliyekuwa naye alisimulia dhahabu kwa mapana na marefu, lakini mauaji ya 1947 hakuyataja hadi nilipomuuliza. Akatupa dakika chache bustanini kisha akatuita garini. Kwa hiyo nashauri uende mwenyewe kwa basi la umma. Kiingilio hakuna. Fika kabla ya saa kamili uone walinzi wakipokezana zamu, halafu muda wako mwingi utumie kwenye sanamu.