Foronya mpya za mito ya mashua: kitambaa kipi kinunuliwe kwa fedha kidogo

Kinachoimaliza mito ya ndani ya chombo cha matanga ni chumvi. Chumvi iliyokauka kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo mto uliolowa maji ya bahari mara moja wakati wa kaskazi unaweza kubaki na unyevunyevu hadi masika yakaingia, na chumba kikiwa kimefungwa kwa mvua koga huanza kazi yake. Anayetaka kuivika mito foronya mpya bila gharama kubwa na alikumbuke hilo kabla ya kufikiria rangi na maua.

Kabla ya kwenda dukani, fumua foronya moja kuukuu kwa wembe na uvitunze vipande vyake kuwa kiolezo, kwani mto wa chombo mara nyingi hauna pembe zilizonyooka. Ukingo wake wa nyuma hukatwa mshazari kufuata ubavu wa chombo. Nilipofumua zangu pale Malindi, zipu ya shaba ilikuwa imeota kijani na kugoma kabisa, na uzi ulikatika kwa kuvutwa na kidole, ilhali kitambaa chenyewe kilikuwa bado kizima. Fundi alikuwa ameshonea uzi wa pamba. Tangu siku hiyo sihesabu bei ya kitambaa peke yake.

Nafasi ya kwanza naipa poliesta ya makochi iliyofumwa, isiyopakwa mpira mgongoni. Hainywi maji mengi, hukauka upesi, inafulika, na hupatikana katika maduka ya Darajani na Mchangani, mjini Unguja, bila kuagiza ng'ambo. Kigeuze kitambaa, kiweke mdomoni na upulize: pumzi isipopita, kuna mpira, nao hufungia unyevu ndani na baada ya muda hubanduka vipandevipande. Omba uzi mmoja uuchome nje ya duka. Poliesta huyeyuka ikaacha tone gumu, pamba huungua ikaacha jivu lenye harufu ya karatasi. Kisha sugua kwa leso nyeupe iliyoloweshwa, kwa kuwa rangi itakayobaki kwenye leso ndiyo itakayohamia kwenye kanzu ya mgeni wako.

Ya pili ni akriliki iliyotiwa rangi kabla ya nyuzi kusokotwa, kama ile ya chapa ya Sunbrella. Kwa ubora inaishinda poliesta, kwa sababu haipauki upesi juani na koga haiipati kwa urahisi. Lakini ni ghali, na ndani ya chumba jua ni kidogo, hivyo utakuwa unalipia kinga usiyoihitaji. Ikiwa mito yako hutolewa kila siku kuwekwa juu ya sitaha, basi geuza mpangilio huu na uianze hiyo.

Turubai la pamba, jinzi na marekani nzito naziweka nafasi ya tatu. Hakuna kitambaa kinacholalika vizuri zaidi usiku wa joto, lakini pamba hunywa maji, hushika koga na husinyaa, kwa hiyo ifuliwe kabla ya kukatwa, na inamfaa mwenye kupigisha chombo chake hewa kila asubuhi. Reksini, yaani ngozi bandia ya plastiki, ni ya nne: hufutika kwa kitambaa kimoja, ila mtu aliyeilalia huamka amelowa jasho, na ndiyo maana mabaharia wengi huitandikia kikoi. Mahameli, ambayo muuzaji huitanguliza kwa sababu inapendeza machoni, iwe ya mwisho kabisa.

Akiba kubwa imo katika upande wa chini, usioonekana na mtu. Chukua mito miwili, kila mmoja wenye urefu wa sentimita 190, upana wa 60 na unene wa 10, na kitambaa chenye upana wa sentimita 140. Ukiifunika pande zote kwa kitambaa kimoja itakula kama mita 4.5. Ukiweka kitambaa kizuri juu na ubavuni tu, kama mita 2.8 zitatosha, na chini utashonea wavu wa poliesta kama ule wa fulana za wachezaji wa mpira. Wavu ni wa bei rahisi, tena unapitisha hewa pale mto unapogusana na ubao, ambapo unyevu hujikusanya zaidi.

Sehemu ya akiba hiyo itumike kununua uzi wa poliesta na zipu ya nailoni yenye kitelezi cha plastiki, ndefu kiasi cha kuzunguka kona zote mbili za nyuma, ili sponji iingie bila kupasua mshono. Sponji ikigoma, ivike mfuko wa plastiki, itelezeshe ndani, kisha uvute mfuko utoke. Sponji ambayo ukiikalia unausikia ubao imekwisha na haifai kuvikwa kitu kipya. Iliyo nzima isuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara kadhaa, na ukitaka kujua kama imetakata, ramba kona yake.

Fundi ashone foronya moja tu kwanza, uipeleke chomboni na kuilaza mahali pake, zipu ikiwa nyuma na mshazari ukiwa umeelekea ubavuni, ndipo akate zilizobaki.