Uzoefu wangu na Squoosh: kubana picha za Lamu bila kuua nakshi

Picha zote ninazoweka kwenye blogu yangu ya milango, majahazi na mitaa ya Lamu hupita kwanza Squoosh. Kati ya nyota tano naipa nne, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza huko chini.

Kwa asiyeijua: Squoosh ni chombo cha bure cha kupunguza uzito wa picha, kilichotolewa mwaka 2018 na timu ya Google inayoshughulikia kivinjari cha Chrome. Hujisajili, husakinishi kitu. Unafungua squoosh.app, unachagua picha, nayo inajaa kwenye kioo ikiwa imegawanywa na mstari katikati. Upande mmoja ni picha ya asili, upande wa pili ile iliyobanwa, na chini unaonyeshwa uzito umepungua kwa asilimia ngapi. Mstari unaburutwa kwa kidole, huku na huku, mpaka macho yaridhike.

Mstari huo ndio ulioninasa. Vyombo vingi vya aina hii hubana kimyakimya vikakurudishia faili, ukaamini tu. Kwa picha zetu kuamini hakutoshi. Mlango wa nakshi wa mtaa wa Mkomani, ukuta wa mawe ya matumbawe uliobanduka chokaa, paa la makuti: vyote vimejaa chembechembe, na chembechembe ndizo zinazokula kilobaiti. Ukibana kupita kiasi, maua ya kwenye nakshi yanakuwa ukungu, na fundi aliyeinama juu ya ubao ule kwa patasi umemfuta. Bahari tulivu yenyewe ni nyepesi, ila mbingu ya alfajiri ina maradhi yake: rangi inayofifia polepole huanza kukatika mapande, kama ngazi. Kwa hiyo kipimo kimoja hakifai kwa albamu nzima. Squoosh huanza na ubora wa 75 kati ya 100, na kwa picha nyingi nauacha hapo hapo. Kwa nakshi napanda mpaka 82 au hata 85, nakuza picha, naburuta mstari juu ya kona ya mlango ilipo kazi nyembamba zaidi, ndipo naamua.

Lakini ubora si wa kwanza. Wa kwanza ni upana, na hapa ndipo naona wenzangu wanapoteza bando. Simu ya kawaida ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye uzito wa MB 4 hivi, pengine zaidi. Safu ya maandishi kwenye blogu nyingi haifiki hata pikseli 900, na msomaji mwenyewe anasoma kwenye simu. Kupakia picha ile nzima ni kumbebesha punda magunia kumi ili ufikishe kibaba kimoja. Ndani ya Squoosh kuna sehemu inaitwa Resize; naiwasha, naandika upana 1600, urefu unajipanga wenyewe. Pikseli 1600 kwa 1200 hazifiki milioni 2, kumbe za mwanzo zilikuwa milioni 12. Umeshapunguza zaidi ya pikseli tano katika kila sita kabla hujagusa ubora. Nabaki na 1600 badala ya 900 kwa sababu vioo vya simu za sasa vina pikseli zilizosongamana, na picha nyembamba mno huonekana imelegea. Mwishoni nachagua WebP, muundo wa faili la picha ulio mwepesi kuliko JPEG, na mara nyingi naishia kati ya KB 200 na 400.

Kuna watakaosema WordPress, mtambo unaoendesha blogu, inajipunguzia yenyewe. Ni kweli kwa sehemu. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa hadi kipimo hicho, na nakala ndogo ndogo hutengenezwa pia. Lakini hayo yanafanyika baada ya picha kufika. MB 4 zimeshatoka kwenye bando lako, na kama mtandao umechoka kama unavyochoka baadhi ya jioni huku kwetu, umekaa ukitazama mstari wa kupakia usiosogea. Isitoshe, mwenye blogu ya bure ana nafasi ya kuhesabu. Ni bora kubana kabla. WebP nayo isikutie wasiwasi, WordPress imeikubali tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021.

Jambo la pili linalofaa visiwani: ukishaufungua ukurasa wa Squoosh mara moja, unafanya kazi hata bila intaneti. Kubana kunafanyika ndani ya simu yako, picha haiendi kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Nikiwa kijijini Matondoni kutazama majahazi yakiundwa nafanya kazi yote pale pale, nikirudi mjini ni kupakia tu.

Na faida ambayo sikuitarajia: faili linalotoka limevuliwa taarifa zilizofichwa ndani ya picha, pamoja na mahali ilipopigiwa. Simu nyingi zikiruhusiwa huandika mahali hasa uliposimama. Nikialikwa ndani ya nyumba ya kale kupiga picha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mwenyeji amenikubalia zidaka. Hakukubali niwapeleke wageni mpaka mlangoni pake.

Kwa kuwa nimegusa ruhusa, niseme na kuchagua picha, maana hakuna programu itakayokufanyia. Mitaa ya Lamu ni myembamba. Adhuhuri jua linaingia kwa ukanda mmoja, nusu ya ukuta ni nyeupe pe, nusu giza. Picha hiyo hata ukiibana vizuri haina kitu. Natafuta kivuli cha sawasawa, asubuhi au baada ya alasiri. Pwani ya mji inatazama mashariki, upande wa Manda, hivyo nyumba za mbele hupata mwanga mzuri asubuhi na jioni jua liko nyuma yake. Watu siwapigi bila kuomba, hasa akina mama. Fundi mmoja wa Matondoni nilimwambia, "Ami, naomba nipige picha." Akajibu bila kuinua kichwa: "Piga jahazi, mimi sinitie." Nikapiga mbao na misumari, na ikatoka nzuri kuliko ambavyo ingekuwa na yeye akiikunjia kamera uso.

Picha za kuokota siku hizi nazikwepa. Tafuta "Lamu" kwenye tovuti za picha za bure uone: utaletewa milango yenye misumari mikubwa ya shaba ambayo mtu wa huku akiiona tu anajua ni ya Mji Mkongwe wa Unguja. Nikikosa kabisa naenda Wikimedia Commons, hazina ya picha za leseni huria, nasoma leseni ya picha yenyewe, naandika jina la mpigaji na leseni chini yake. Nyingi za mule zinataka hivyo, na zenye alama ya SA zinataka pia kwamba ukiibadilisha picha uitoe kwa leseni ile ile.

Sasa nyota niliyoizuia. Squoosh ya kwenye kivinjari inashughulikia picha moja moja. Kwa makala ya picha nne ni raha, lakini wakati wa Maulidi, au mashindano ya majahazi, ukirudi na lundo la picha, utachoka kidole. Pili, haikati picha. Inageuza na kubadili vipimo, lakini mlango uliokaa upande hainyooshi; hiyo kazi naifanya kwanza kwenye Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, nayo ya bure, ambayo kifaa chake cha kurekebisha mtazamo husimamisha miimo ikawa wima. Tatu, maandishi yote ni ya Kiingereza na yamejaa majina ya miundo. Usihangaike nayo, WebP inatosha. AVIF, muundo mwingine, hutoa faili dogo zaidi, ila kwenye simu ya bei nafuu utasubiri mpaka kahawa ipoe.

Faili likishatoka nalibadilisha jina kuwa mlango-mkomani badala ya msururu wa tarakimu za simu, na kwenye WordPress najaza maelezo mbadala kwa Kiswahili, sentensi moja: "Mlango wa mbao wa nakshi ya maua, bawa la kushoto liko wazi." Msomaji asiyeona anasomewa hilo na simu yake. Kuandika tu "mlango" hakumwambii kitu.

Mwenye kompyuta na albamu nzima ya kubana kwa mkupuo ajaribu XnConvert, ni bure kwa matumizi binafsi na hupokea folda zima. Mimi kazi yangu yote iko kwenye simu, kwa hiyo nitaendelea kuburuta mstari.