Takwimu huria za Benki ya Dunia: ukuzaji rasilimali wa Kongo, ukisomwa Lubumbashi

Kwa mwanafunzi wa uchumi au mfanyabiashara wa Lubumbashi anayetaka kujua nchi yetu imewekeza kiasi gani mwaka hadi mwaka tangu uhuru, sijaona huduma ya bure inayoishinda tovuti ya takwimu ya Benki ya Dunia. Kabla ya Aprili 2010 sehemu kubwa ya takwimu hizo ilikuwa ya kulipia. Leo hazidai pesa wala usajili, na jedwali zima hupakuliwa kwa Excel. Kifaransa kipo, na humo kipimo hiki cha uwekezaji, yaani ukuzaji rasilimali, kinaitwa formation brute de capital. Kiswahili hakimo, jambo lisilo na udhuru kwa lugha yenye wasomaji wengi namna hii.

Kipimo hujumlisha matumizi ya mwaka kwa majengo, mitambo, barabara, reli na uboreshaji wa ardhi, pamoja na mabadiliko ya bidhaa zilizo ghalani, kisha jumla hiyo huonyeshwa kama asilimia ya pato la ndani la taifa. Kwetu asilimia hiyo ni msaada mkubwa, kwa sababu nchi iliyoacha faranga ikachukua zaire mwaka 1967, ikaleta zaire mpya mwaka 1993 na kurudia faranga mwaka 1998, huku bei za mwaka 1994 zikipanda kwa maelfu ya asilimia, haiwezi kulinganisha miaka yake kwa noti zake yenyewe.

Lakini asilimia nayo ina hila. Bei ya shaba inapopanda, pato huvimba hata kama hakuna mtambo mpya uliofungwa, na uwiano unaweza kushuka ilhali wawekezaji hawajapunguza chochote. Ndiyo maana nashauri ufunguliwe pia mfululizo wa ukuaji wa kipimo hicho kwa bei zisizobadilika, yaani bila athari ya kupanda kwa bei, ambao uko kwenye tovuti hiyohiyo na wasomaji wengi huupita.

Upungufu mzito zaidi ni kwamba uchakavu haukatwi. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1994, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na mitambo kuzeeka bila vipuri. Katika hesabu hii, mashine moja iliyonunuliwa huongezwa, na zile kumi zilizokufa mwaka huohuo hazipunguzwi. Mtu asiyeijua Katanga anaweza kuusoma mwaka wa kuliwa kwa mtaji kama mwaka wa kujenga.

Mgawanyo wa mikoa pia haupo: migodi ya shaba ya Tenke Fungurume na Kamoa-Kakula imo katika tarakimu moja na ghorofa za Kinshasa. Nyumba za matofali ya kuchoma zinazopandishwa kidogo kidogo Katuba, hapa Lubumbashi, nazo, kwa kanuni, zimo. Ila nchi ambayo sensa yake ya mwisho ya watu ni ya mwaka 1984 haiwezi kuzihesabu isipokuwa kwa makadirio.

Kinachonirudisha kwenye tovuti hii ni uwezo wa kulinganisha. Weka Zambia kando ya Kongo, nchi mbili za shaba zilizotengwa na mpaka wa Kasumbalesa tu, ukaangalie mistari miwili kwa miongo kadhaa badala ya mwaka mmoja. Na kabla ya kutamka nani amewekeza zaidi, bonyeza maelezo ya kipimo uone kila nchi imekokotoa vipi.